Viatu vya Mwisho vya Soksi

Jina lake kamili, lile ambalo mtaa ulimpa na yeye akalipokea kama cheo, lilikuwa Bi Shuka Nyeupe, mjane wa fundi viatu vya farasi, mama wa fundi viatu vya farasi, mwenye pasi, mwenye kamba, mwenye neno la mwisho. Ndiye aliyefua shuka za nyumba ya wageni ya kule juu kilimani tangu ilipokuwa na vyumba vichache na bafu moja la kugombaniwa. Ndiye aliyeambiwa na msimamizi wa nyumba hiyo kwamba foronya moja ina kunjo, akaomba pasi, akainyoosha palepale jikoni mbele ya wapishi wote, akaaga, akaondoka bila kukubali hata maji ya kunywa. Ndiye aliyezaa mtoto mmoja tu, akasema huyu anatosha, na mtoto alipokua akatosha kweli, watu wakakoma kumpa ushauri. Ndiye aliyeshika kamba ya kila farasi aliyeletwa uani kwao kuvishwa viatu, kwa sababu mumewe alishikilia kwamba farasi akinusa sabuni hutulia.

Na ndiye huyo huyo ambaye, uzeeni, alimwacha farasi wake mwenyewe aumie huku anaona. Hilo nalo ni lake, haliwezi kuachwa nje.

Farasi huyo aliitwa Soksi. Alikuwa jike, mwekundu kama tofali la kuchoma, na mguu mmoja tu wa mbele ulikuwa mweupe kuanzia gotini kwenda chini, kama mtu aliyevaa haraka akasahau soksi nyingine tatu. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkokoteni wa shuka: asubuhi safi kwenda juu, mchana chafu kurudi chini. Njia ya kilimani ilikuwa ya mawe yaliyopangwa, yamelainishwa na magurudumu ya miaka, na viatu vya chuma vya Soksi vililia juu yake toka bondeni mpaka kileleni. Hakuna mteja aliyehitaji kuitwa. Mwenye nguo zake mbili tatu za kufuliwa alisikia kong, kong, kong, akatoka na furushi kabla mkokoteni haujafika mlangoni. Muuza mkaa, jirani yao wa ukuta mmoja, alisema yeye hana saa na hahitaji kununua, maadamu Soksi ana miguu.

Mume alipofariki, kazi ya viatu ilishikwa na mwana. Mtaa ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu. Alirithi fuawe ya baba ya kupondea chuma, gogo la kukalia lililokuwa kando yake, koleo la baba, tupa ndefu ya baba ya kusugulia kwato, na tabia ya baba ya kuongea na mguu wa farasi badala ya kuongea na mwenye farasi. Alioa mshona viraka, mwanamke mkimya, ambaye shuka ikichanika aliitia kiraka ambacho mgeni alikilalia usiku kucha asikijue. Bi Shuka alimwita Binti. Hakumchukia. Alimwona tu kama mtu aliyefika shereheni amechelewa: karibu, keti, lakini usituulize tulikuwa tunacheka nini.

Asubuhi ya mwisho ya kazi yake, Fundi alimvisha Soksi viatu vipya. Bi Shuka alishika kamba kama kawaida. Aliona mwanawe anakaa kwenye gogo kati ya mguu na mguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jasho lilimtoka hata migongoni mwa mikono.

“Unaumwa?”

“Kifua tu, Mama. Kimebana.”

“Usiniangushe sasa. Kesho alfajiri nina shuka za vyumba vyote, wageni wamejaa mpaka barazani.”

“Nimekuangusha lini mimi?”

Alimaliza miguu mitatu, akaingia ndani kunywa maji, akakawia huko kidogo, kisha akatoka akamaliza wa nne, ule mweupe. Jioni hakula. Wiki haikwisha, akazikwa.

Bi Shuka hakulia mbele za watu. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo wapenda utani, na wao walilisema hilo hata msibani, kwa sauti ya chini. Waombolezaji walipotawanyika aliwasha moto chini ya pipa la kuchemshia, akatia shuka, akatia sabuni, akakoroga kwa mti wake mrefu mpaka mvuke ukamfunika uso, na ndani ya mvuke ule alichofanya ni siri yake.

Kuanzia siku hizo alijiwekea desturi. Kila jioni, Soksi akishafunguliwa mkokoteni, Bi Shuka aliinama bandani, akanyanyua mguu mmoja mmoja, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za misumari. Anayepiga viatu vya farasi hupigilia msumari toka chini, ukatokea ubavuni mwa ukwato, akaukata na kuukunja ncha yake ilale. Fundi alikunja ncha zake kwa namna yake, ndogo, bapa, zimepangana mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Hivyo ndivyo zilivyokuwa kwenye miguu mitatu. Kwenye mguu mweupe zilipanda na kushuka. Moja ilikuwa juu mno, nyingine imelala upande. Kwenye mguu ule ugonjwa wa mwanawe ulikuwa unashikika kwa kidole, na mama aliushika kila jioni.

Sasa, ukwato hukua kama ukucha. Farasi aliyevishwa viatu leo, baada ya mwezi na nusu hivi lazima avuliwe, kwato zikatwe, avishwe upya. Bi Shuka alilijua hilo kuliko alivyojua sala. Lakini hapakuwa na fundi mwingine, na mchomelea mageti wa barabara ya chini alipokuja kwa heshima zote kusema, “Mama, mimi chuma nakijua, nionyeshe tu nitajaribu,” alimjibu kwamba Soksi si geti.

Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Mvua zikaja, zikaondoka. Kwato zikarefuka mbele, zikafurika juu ya chuma kama unga uliozidi bakuli. Mlio nao ukabadilika. Badala ya kong safi kulikuja kong yenye mkwaruzo nyuma yake, na mguu mmoja ukawa unachelewa.

“Bi Shuka,” muuza mkaa aliita toka kwenye magunia yake, “farasi wako siku hizi anacheza ngoma ya wapi? Mbona mguu mmoja hauifuati?”

“Anacheza ya kwao. Wewe pima mkaa, na upunguze vumbi.”

“Vumbi nalo linaungua, mama yangu.”

“Basi kalipikie.”

Alicheka, lakini aliutazama mguu ule mpaka mkokoteni ukakata kona.

Ndani ya nyumba hapakuwa na kicheko. Jioni moja Binti aliacha cherehani yake, akaja mpaka mlango wa banda, akasimama na sindano bado iko mdomoni. Akaitoa.

“Mama, miguu inamuuma.”

“Wewe unajua nini kuhusu miguu ya farasi?”

“Sijui kitu. Naona tu hataki kuukanyaga.”

“Viatu hivi kavipiga mwanangu.”

“Najua aliyevipiga.”

“Basi kama unajua, rudi kwenye viraka vyako.”

Binti alirudi. Usiku ule cherehani haikusikika.

Siku Soksi aliposimama, alisimama katikati ya mlima, mahali pabaya kuliko pote, mkokoteni umejaa shuka mpaka juu. Hakugoma kwa kiburi. Alinyanyua tu mguu mweupe, akauning'iniza, akageuza kichwa kumtazama Bi Shuka. Watu wakatoka majumbani. Bi Shuka akavuta lijamu, akabembeleza, akakemea, akabembeleza tena. Soksi akatweta, asisogee. Mwishowe wapishi wa nyumba ya wageni waliteremka wakabeba shuka mabegani, na msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema kwa upole jambo ambalo Bi Shuka asingependa kulisikia hata kwa ukali: “Mama, kama imekuwa nzito, kule mjini kuna watu wana gari.”

Wakamrudisha Soksi nyumbani hatua kwa hatua, akiegemea ukuta wa mtaa. Muuza mkaa ndiye aliyekwenda kumwita daktari wa mifugo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Daktari alikuwa kijana wa sauti ya taratibu. Alinyanyua mguu, akaupapasa, akaushusha.

“Nani anamvisha viatu huyu?”

“Mwanangu,” alisema Bi Shuka.

“Ningependa kuongea naye.”

Muuza mkaa akakohoa. Binti akatazama ukuta. Daktari akawatazama wote, akaelewa, akavua kofia yake akaishika kifuani.

“Nisamehe, Mama.”

“Hukujua. Sema kuhusu farasi.”

Akasema. Viatu vimekaa muda mrefu mno. Kila penye msumari ukuta wa ukwato umepasuka, na hata angetokea fundi leo hii asingepata mahali pazima pa kupigilia. Vitolewe, kwato zikatwe, na Soksi aachwe atembee kama alivyozaliwa. Mwanzoni atapata taabu. Miaka yote chuma ndicho kilichombeba, nyayo zake zimelala kama za mtu ambaye hajawahi kutoka nje peku. Apewe ardhi laini kwanza, kisha mchanga, kisha kokoto kidogo kidogo, na huku juu, pale nywele zinapokutana na ukwato, ukuta mpya utaanza kuteremka.

“Utachukua muda gani kufika chini?”

“Karibu mwaka, Mama.”

“Na matundu ya misumari?”

“Yatateremka nao. Yakifika chini yatasuguliwa na tupa, yaishe.”

“Mume wangu,” alisema, “alikuwa akisema farasi wa kwenye mawe asiye na viatu ni farasi wa mtu asiye na huruma.”

“Pengine alisema kweli,” alisema daktari. “Lakini huyu viatu vyake ndivyo vinavyomuumiza. Kesho nitakuja na vifaa, nivitoe.”

“Wewe uje uangalie. Hutavitoa wewe.”

Basi kesho yake, uani, kati ya kamba za shuka na banda, Bi Shuka alifunga kanga kiunoni, akashusha koleo na nyundo za mwanawe toka kwenye misumari ya ukutani. Kamba alimpa Binti, na ilikuwa mara ya kwanza. Alianza na miguu ya nyuma. Alizinyoosha ncha zilizokunjwa, moja moja, kwa patasi butu na mapigo madogo ya nyundo, ili msumari ukitoka usichane ukuta. Kisha akaingiza koleo kisiginoni, akabinya, akavuta kwa kuelekea ndani, kama alivyowaona wanaume wawili wakifanya maisha yake yote. Kiatu kilitoka. Akakiweka chini bila kukitupa. Cha pili, cha tatu. Mikono yake, iliyozoea kukamua shuka nzito, ilitosha.

Kwenye mguu mweupe alikaa kwanza. Alikaa kwenye lile lile gogo.

“Nikusaidie, Mama?” daktari aliuliza.

“Nimekaa tu.”

Alipoanza, Soksi alitetemeka mguu mzima. Msumari ule uliotokea juu mno ulitoka mwisho, nao ulitoka mweusi, umelowa, na nyuma yake kikafuata kitu chenye harufu. Usaha. Daktari akapiga magoti haraka, akaosha, akabonyeza, akaosha tena. Alisema msumari umepita karibu mno na nyama, na unyevu wa mvua ukafuata njia hiyo hiyo ndani.

“Hakukosea,” alisema Bi Shuka, ingawa hakuna aliyesema hivyo. “Alikuwa anaumwa.”

Daktari akaendelea kuosha.

“Mwanangu hajawahi kupiga msumari vibaya. Alikuwa anaumwa!”

“Nilimwambia auache,” alisema Binti.

Alisema hivyo akiwa bado ameshika kamba, uso ameuelekeza kwenye shingo ya farasi. Sauti yake haikupanda.

“Alipoingia kunywa maji. Nilimwambia, mguu wa nne uache mpaka kesho, hebu ona mikono yako. Nikamshika hata shati. Akasema, Mama anataka farasi alfajiri.”

Pipa lilikuwa linatokota upande wa pili wa ua. Daktari alifunga mguu kwa kitambaa, akafunga vizuri mno, akakawia kwenye fundo.

“Hukuwahi kuniambia,” alisema Bi Shuka.

“Ningekuambia ili iweje, Mama?”

Bi Shuka aliinama chini. Aliviokota viatu vyote vinne, akavitia kwenye foronya safi, akaivingirisha, akaenda kuiweka chini ya kitanda chake. Haikumjia akilini kwamba mle ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kutamani kimoja.

Asubuhi iliyofuata mtaa uliamka ukaona jambo. Bi Shuka alikuwa ameingia mwenyewe katikati ya miti miwili ya mkokoteni, mkanda wa Soksi ameupitisha kifuani, shuka safi zimepangwa nyuma yake, anavuta. Hakumwomba mtu. Hatua chache baada ya geti mkokoteni ukawa mwepesi, na alipogeuka aliona vidole vya Binti juu ya ubao wa nyuma.

“Wewe una viraka vya kushona.”

“Vitangoja.”

“Rudi.”

“Vuta, Mama, tutachelewa.”

Muuza mkaa alitoka na mswaki mdomoni. “Haya makubwa! Sasa aliyevuliwa viatu ni nani, Soksi au wewe?”

“Njoo uvue vyako usukume.”

Alikuwa ametania, lakini akatema povu, akaja akasukuma kweli, mpaka pale njia inapopinda, akarudi anahema na kusema mbele ya wateja wake kwamba kumbe farasi ni mtu.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi majira yale. Shuka hazikuchelewa. Msimamizi hakutaja gari tena, na Bi Shuka hakutaja kiuno chake, ambacho kilianza kumuuma upande mmoja tangu wiki ya kwanza. Kama alivuta kwa ajili ya wageni, au kwa ajili ya Soksi, au kwa ajili ya lile neno “alfajiri”, hakumweleza mtu, na aliyemfahamu hakumuuliza.

Soksi alikuwa na kazi yake ya kujifunza kutembea. Wiki za kwanza hakutoka bandani, ambako walimtandikia majani makavu yakawa mazito kama godoro. Usaha ukakauka. Kisha Bi Shuka akamwongoza uani kwenye udongo laini, mizunguko michache, akamrudisha. Soksi alikanyaga kama anayevuka chumba chenye mtoto mchanga aliyelala. Kijiwe kidogo tu kikimgusa aliinua mguu akalalamika kwa pua. Halafu wakaleta mchanga, wakaumwaga njia nzima toka bandani mpaka kwenye chombo chake cha maji, ili asiwe na njia nyingine ya kunywa. Alipouzoea mchanga, wakachanganya kokoto, konzi mbili leo, konzi mbili wiki ijayo. Kila mara Bi Shuka alipiga magoti na tupa ya mwanawe, akazungusha kingo za ukwato zisiwe kali zikameguka, na Binti akashika kamba. Walikuwa hawazungumzi sana. Siku moja Binti alisema, “Ameanza kukanyaga na kisigino,” na Bi Shuka akasema, “Nimeona,” na hayo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima.

Tatizo lilikuwa mawe ya mlimani. Daktari alisema Soksi yuko tayari kutembea, lakini mzigo juu ya mawe bado. Bi Shuka akashika tama. Wiki ile Binti alimwomba muuza mkaa mpira wa gari uliokwisha, akaukata nyayo nne kwa kisu kilichopashwa moto, na kwa ngozi ya tandiko bovu akashona pande za juu, zenye kamba za kukaza, mshono juu ya mshono. Aliivunja sindano moja, ya pili, ya tatu. Akaviweka viatu hivyo mbele ya mama mkwe.

Bi Shuka aligeuza kimoja, akavuta mshono kwa nguvu zake zote. Haukulegea.

“Hiki nacho ni kiraka,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Hakionekani ulipoanzia.”

Kwa Bi Shuka hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Binti alijua. Akainama kufunga kamba za viatu vya mpira ili uso wake usionekane.

Mtaa haukuwaacha bila utani. “Soksi kavaa raba! Soksi anakwenda shule!” Farasi alipanda mlima na shuka nusu mzigo, kisha mzigo mzima, na baada ya miezi viatu vya mpira vikavuliwa njiani pale penye nafuu, halafu pale penye mawe kidogo, mpaka ikafika siku alipanda toka bondeni hadi kileleni peku. Alikuwa anachagua mwenyewe pa kukanyaga. Wapishi walimpigia makofi.

Lakini hakusikika. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kwato tupu juu ya mawe zilifanya mlio mdogo, kama mtu anayekung'uta mto. Milango haikufunguka. Mkokoteni ulipita, na mama mmoja akauona nyuma ukiwa umeshafika mbali, akakimbia na furushi lake. “Bi Shuka! Nilidhani umeacha kazi! Sijasikia kitu!” Muuza mkaa alichelewa kufungua, akasema sasa itambidi anunue saa. Bi Shuka hakucheka. Alisimama njiani akiwa ameshika hatamu, akasikiliza ukimya ule toka bondeni mpaka juu. Wakati viatu vilipokuwa vinalia, sehemu ya mwanawe ilikuwa bado inakuja kazini kila asubuhi. Hapo ndipo alipolia mbele za watu, mchana kweupe, amesimama wima, bila kuficha uso wala kupangusa. Binti alishika hatamu kwa mkono mmoja, na kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia ikitoka kwake, akaita mlango hadi mlango, “Shuka zinapita! Leteni nguo! Shuka zinapita!”

Tangu siku ile ndiye aliyeita.

Matundu ya misumari yalikuwa yanateremka. Mwanzoni yalikuwa katikati ya ubavu wa ukwato, na juu yake palikuwa na ukuta mpya, laini, usio na ufa. Kila mwezi ukuta mpya ulikuwa mrefu zaidi na matundu yako chini zaidi. Bi Shuka aliyapapasa jioni kama alivyokuwa akipapasa ncha za chuma. Yakafika ukingoni kwenye miguu ya nyuma, akayasugua kwa tupa, vumbi jeupe la ukwato likamwangukia mapajani, yakawa hayapo. Kisha mguu wa mbele wa kulia. Kila tundu lilipokwisha alikung'uta kanga yake polepole, akaenda ndani bila kula.

Kiuno kilimwangusha mwanzoni mwa mvua. Aliteleza kwenye jiwe la kufulia, akakaa chini, akashindwa kuinuka, na Binti na muuza mkaa wakambeba mpaka kitandani huku akiwaelekeza jinsi ya kumbeba. Alipoweza kusimama tena ilikuwa kwa fimbo, na kuinama chini ya farasi hakuweza tena. Alijaribu. Binti alimkuta bandani ameshika ukuta kwa mkono mmoja, tupa iko chini, na yeye anaitazama kama mtu anayetazama kitu ng'ambo ya mto.

Siku chache baadaye, asubuhi, Binti aliketi kwenye cherehani yake akakuta juu yake foronya imevingirishwa. Ilikuwa nzito. Akaifungua, akaona viatu vinne vya chuma vimesuguliwa kutu, vimepakwa mafuta. Alikaa navyo mapajani mpaka alipoitwa toka uani.

“Binti! Unangoja nini? Njoo hapa.”

Bi Shuka alikuwa amekaa kwenye gogo la Fundi, fimbo kando, Soksi mbele yake amesimama kwa utulivu. Akanyoosha mkono wenye tupa.

“Shika.”

“Mama, mimi sijawahi.”

“Umenishikia kamba mwaka mzima na macho hukufumba. Shika.”

Binti akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mpini wake ulikuwa na mabonde ya vidole vya wanaume wawili.

“Nyanyua huo mweupe.”

Akaunyanyua. Ukwato ulikuwa mzima, wa mviringo, mgumu, ukuta wake umeteremka bila doa mpaka chini kabisa. Pale ukingoni kulibaki tundu moja. Ni lile la msumari uliopanda juu mno. Lilikuwa limesafiri njia ndefu kuliko yote.

“Limebaki hili tu, Mama.”

“Najua. Nalijua kwa kidole.” Bi Shuka alitazama kando, kwenye shuka zilizokuwa zinapepea. “Wewe ulimwambia auache. Mimi ndiye niliyetaka farasi. Hili si langu kulikata.”

Binti aligusa tundu lile kwa kidole.

“Sikiliza. Sugua toka nje kuingia ndani, polepole, usipande juu hata kidogo. Ukimaliza zungusha ukingo uwe kama mdomo wa kikombe. Na kila baada ya wiki mbili ufanye hivyo hivyo miguu yote, mvua jua, hata kama wageni wamejaa mpaka barazani. Na siku mikono ikikutetemeka,” akaitazama tupa, “siku mikono ikikutetemeka, uache mguu wa nne mpaka kesho. Shuka zingoje. Umenisikia?”

“Nimekusikia, Mama.”

“Basi fanya.”

Binti akageuza mgongo wake kwa kichwa cha farasi, akaubana mguu mweupe kati ya magoti yake, kama alivyomwona mumewe akifanya. Akaiweka tupa ukingoni.

“Mama,” alisema bila kugeuka, “hujashika kamba.”

Bi Shuka akaegemea fimbo, akainuka, akashika kamba.